UZI: Serikali inaleta kompyuta shuleni, sawa, ila nani analipia umeme?

mwl_wa_mpakani (mwenye uzi)

Habari zenu wote. Mi nafundisha sekondari ya serikali huku upande wa Tororo, Uganda, Kiswahili pamoja na ICT, msicheke, walimu ni wachache na ukionekana tu unajua kuunganisha projekta basi umeshapewa somo. Nataka tuongee hili jambo la serikali na kompyuta mashuleni maana kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa watu wanapiga makofi, sijui shule ngapi zitapata lab, sijui waya wa intaneti utafika wapi, alafu mwaka unaisha na mlango wa lab bado una kufuli.

Tuwe wakweli kwanza, serikali imefanya kitu. Ule mfuko wa UCC (tume ya mawasiliano) ulioanza 2003, wakati ule tukiuita RCDF na sasa UCUSAF, umeweka lab kwa shule zaidi ya 1,000, na pesa yake inatoka kwa kampuni za simu ambazo zinakatwa sehemu ya mapato yao, kwa hiyo kila unapoweka pesa kwa simu na wewe umechangia. Kuna hizi seed school zilizojengwa kwa programu ya UgIFT kwenye subkaunti ambazo hazikuwa na sekondari ya serikali, zile ramani yake inakuja na chumba cha ICT tangu mwanzo. Kwa hiyo anayesema hakuna kilichofanyika huyo hajatembea.

Sasa shida yangu. Mashine zinakuja siku moja, na picha zinapigwa, lakini Yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha kila wiki. Pesa ya USE (sekondari ya bure) inayokuja kwa kichwa cha mwanafunzi inagombaniwa na chaki, karatasi za mtihani, maji, askari wa geti, na lab inakumbukwa mwisho kabisa. Hakuna mtu aliyeajiriwa kukaa mle ndani. Kompyuta ikizima inawekwa pembeni, ya pili inatolewa ramu ili ya tatu ifanye kazi, na baada ya miaka mitatu una vyuma vingi na mashine saba zinazowaka.

Na wakati huohuo mtaala mpya wa O-level ulioanza na S.1 (kidato cha kwanza) wa 2020 unataka mtoto afanye utafiti, afanye projekti, apewe ile activity of integration akatafute mwenyewe. Asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa S.4, sasa inatokana na kazi za darasani. Akatafute wapi? Simu shuleni ni marufuku, lab imefungwa, maktaba ina vitabu vya mtaala wa zamani. Anangoja likizo akaombe simu ya mamake.

Mi ningekuwa na sauti ningesema hivi, kabla shule nyingine haijapewa mashine mpya 20, zile lab zilizopo zipewe fundi wa kudumu na pesa ya umeme yenye jina lake kabisa, isiguswe na hedmasta kununua unga wa posho. Nyie mnaonaje?

mtoto_wa_kambi

Mwalimu hiyo maneno iko kweli kabisa. Mimi nilisomea shule ya kambi mzee wangu akiwa jeshini, kompyuta zilikuwepo lakini tulikuwa tunaingia kwa zamu, watu sita kwa mashine moja, yule mwenye mabega ndo anashika mausi na sisi wengine tunachungulia. Kipindi ni dakika 40, ya kuwasha tu imekula 10. Mpaka namaliza S.4 nilikuwa najua jina la kila sehemu ya kompyuta, nimechora CPU kwa penseli vizuri sana, lakini kutuma imeli nilifundishwa na jamaa wa kafe mjini kwa shilingi 500.

binti_mlimani

Kaka umesahau kusema wale waliokuwa wanachungulia kutoka mbali zaidi ni akina nani. Sisi wasichana tulikuwa safu ya nyuma. Nikafika A-level nikachagua Sub ICT (ICT kama somo dogo la nyongeza) kwa sababu Sub Maths niliiogopa (unachagua moja kati ya hizo mbili, si mnajua) na ile ilikuwa mara ya kwanza mimi kukaa peke yangu mbele ya kibodi, na mbele yangu mtihani wa UNEB, baraza la mitihani, unakuja. Practical yenyewe haina huruma, unatengeneza dokumenti, spredshiti, databesi, kazi inahifadhiwa na kuchomwa kwenye CD inaenda. Kwanza CD yenyewe, nani bado ana kitu cha CD kwenye laptopu siku hizi? Shule zinatunza mashine za zamani kwa ajili ya hiyo drive tu.

Wiki ya mtihani shule ilikodi jenereta. Siku zote hakukuwa na pesa ya umeme, wiki ya mtihani jenereta ikapatikana, mafuta yakapatikana, hata feni ikawashwa. Mwl umenielewa nasema nini.

mchokozi256

Mimi nacheka tu. Mnasema serikali haijui kusimamia vifaa? Angalieni TELA. Shule za serikali zimepewa simu ya kurekodi mwalimu amefika saa ngapi, ameingia darasani, ametoka, na ile simu inafuatiliwa, ikiharibika inaulizwa, ripoti zinakwenda wilayani mpaka wizarani. Kwa hiyo ikitaka kuangalia mwalimu, teknolojia inafanya kazi hata kule kwenye mtandao wa kubahatisha, ikitaka kumsaidia mwalimu kufundisha basi ghafla tunaambiwa miundombinu ni changamoto 😂

mwl_wa_mpakani

@mchokozi256 we mtu hatari. Ila nitakutetea serikali kidogo, utoro wa walimu ni jambo la kweli na lina gharama, TELA ina sababu yake. Hoja yako ninayoichukua ni hiyo ya ripoti. Kama kila asubuhi wizara inaweza kujua kama nimefika kazini, inaweza pia kujua kama lab imefunguliwa leo, kwa nini hilo haliulizwi? Swali moja tu kwenye mfumo, lab imefunguka saa ngapi, wanafunzi wangapi wameingia. DEO (afisa elimu wa wilaya) akiona sifuri wiki nne mfululizo atapiga simu.

mama_wa_Kawempe

Samahani naingilia, mimi si mwalimu ni mzazi. Mnakumbuka kufungwa kwa shule? Machi 2020 mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, tukaandikwa dunia nzima kwamba ndio nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko zote. Wanafunzi milioni 15 nyumbani. Wakati ule ndo nikaelewa hii maneno ya dijitali ni ya nani. Mtoto wa jirani yangu anasoma praiveti ya gharama, alikuwa na Zoom kila asubuhi na unifomu amevaa juu, chini kaptula ya kulalia. Wangu wawili wa shule ya UPE (praimari ya bure) walikuwa na karatasi zile za NCDC, wale wa mitaala, ambazo kweli ziligawiwa nazo ni nzuri ukizipata, na redio ya mzee wao ambayo saa ya kipindi ndo yeye anataka kusikiliza mpira. Halafu tukaambiwa kila nyumba itapata redio ya sola, na televisheni mbili kila kijiji. Watoto wamerudi shule, wengine hawakurudi kabisa, walipata mimba au walianza kuuza chapati, na watu bado wanauliza zile redio ziliishia wapi.

Kingine nataka mnieleze nyie mnaojua sheria. Ile kodi ya OTT, ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa Julai 2021 wakaweka asilimia 12 kwenye data, na sheria inasema data ya elimu na ya matibabu haitozwi. Sawa. Mimi nikimnunulia mtoto bando ya kusoma fizikia, kampuni ya simu inajuaje kwamba ni fizikia? Mbona sijawahi kuona kitufe cha kuandika "hii ni ya shule"?

fundi_wa_mashine

@mama_wa_Kawempe haijui, ndo jibu. Msamaha kama huo unafanya kazi kwa taasisi, mfano chuo kikiwa na mkataba wake wa intaneti na karatasi zake zimekaa sawa. Mzazi anayenunua bando kwa simu analipa kama mtu anayeangalia vichekesho. Njia ambayo ingesaidia ni tovuti za masomo kufunguka bila kukata bando kabisa, na hiyo kitaalamu si ngumu, ni makubaliano tu.

Sasa turudi kwa mwalimu, maana mimi ndo naitwaga kutengeneza hizo lab na nina machungu yangu. Tupige hesabu ya umeme kwanza kwa sababu watu wanaongea umeme umeme bila namba. Kompyuta ya mezani na monita yake wekeni wati 150. Mashine 20 ni wati 3,000, yaani kilowati 3. Lab ikifunguliwa masaa matatu kwa siku ni uniti 9 za Yaka, siku tano za wiki ni uniti 45. Laptopu wati 45 hivi, 20 ni wati 900, masaa yale yale matatu hazifiki uniti 3. Tofauti hiyo ndo inaamua kama hedmasta atafungua mlango au hatafungua, lakini ukiangalia shule bado zinapokea mashine za mezani zilizotumika Ulaya, nzito, zinakula umeme, kwa sababu ni za bei ndogo siku ya kununua.

Kuna shule ziliwekewa ule mfumo wa NComputing, CPU moja inalisha skrini kadhaa, umeme unapungua sana, ni wazo zuri. Ila hiyo CPU moja ikifa darasa zima limekufa, na anayeweza kuiweka sawa yuko Kampala anataka nauli na lanchi.

Sola msinianzishe. Paneli haina shida inakaa miaka na miaka. Betri ndo zinauliwa. Wanaweka betri za asidi, wanazimaliza chaji mpaka chini kila siku kwa sababu mtu kaunganisha na televisheni ya stafurumu na kuchaji simu za walimu wote, maji ya betri hakuna anayeongeza, baada ya miaka miwili inashika dakika 20. Kisha mradi umeisha, mfadhili kaondoka, na betri mpya haiko kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Na virusi vya flashi. Banange. Mtu anatoka na flashi ya nyimbo anachomeka, kesho mafaili yote yamekuwa shotikati. Wekeni Linux, Ubuntu ni bure, virusi hivyo haviisumbui. Walimu wanakataa wanasema UNEB inataka Word na Excel.

jirani_wa_Arua

Nyie mna Yaka mnalalamika. Sisi West Nile gridi ya taifa imetufikia 2024, kabla ya hapo tulikuwa na umeme wetu wa mgao, ukija leo kesho haupo, shule nyingi ziliishi kwa sola na jenereta. Bwawa la umeme la Karuma lilipofunguliwa mwaka huo huo na megawati zake 600, tukasema sasa. Waya imefika mjini kweli, lakini kuunganisha shule ya kijijini kutoka kwenye nguzo iliyo mbali ni pesa ya mtu mwingine.

Kitu kimoja nataka kuwaambia kutoka huku. Kwenye makazi ya wakimbizi, Bidibidi na kwingine, kuna mashirika yanaendesha masomo ya tableti bila intaneti kabisa. Ni seva ndogo kama boksi la sabuni, imejazwa video na mazoezi, inatoa waifai yake yenyewe, watoto wanaunganisha tableti wanasoma. Programu inaitwa Kolibri na ni ya bure. Nimeona mwenyewe mtoto wa Sudan Kusini anafanya hesabu pale chini ya mwembe, hakuna mtandao hata wa kupiga simu. Kwa hiyo hizi habari za kusubiri faiba ifike kila shule mimi sizielewi. Ule mkongo wa taifa wa NITA (mamlaka ya TEHAMA) una zaidi ya kilomita 4,000 na Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 200 mwaka 2021 kwa mradi wa kuupanua na mambo mengine ya dijitali, sikatai, uendelee. Lakini mtoto wa S.2 leo hawezi kusubiri.

mchokozi256

Na faida nyingine, uchaguzi ukifika wakizima intaneti kama Januari 2021, masomo yanaendelea 😂😂

vitabu_kwanza

Naona wote mnakubaliana kwa hiyo acha niwe mbaya. Mimi ni mwalimu wa praimari, P.3, Busoga, darasa langu lina watoto zaidi ya 100 na wengine wanakaa chini. Wengi hawawezi kusoma sentensi moja kwa Lusoga wala kwa Kiingereza. Nyie mnaniambia tableti. Mtoto amekuja bila kula, saa nane anasinzia. Pesa yoyote ya kompyuta ningeiomba iwe vitabu vya kusoma, kila mtoto kimoja, na uji. Kenya wenzetu waliahidi laptopu 2013, zikageuka tableti, zikaanza kugawiwa 2016, zaidi ya milioni moja za darasa la kwanza, nendeni muulize nyingi ziko wapi leo. Rwanda walianza na zile laptopu ndogo za kijani tangu 2008. Je watoto wao walijua kusoma kwa sababu ya hizo?

mvuka_mpaka

Mimi niko Busia, navuka kila siku naenda upande wa pili, Kenya, kwa biashara, na dadangu anafundisha praimari kule. Tableti alizokuta ziko kabatini kwa hedmasta, zimefungwa kwa sababu zikiibiwa yeye ndo analipa. Hiyo ndo shida ya vifaa vyote vya serikali, ukivitumia vikaharibika ni kosa lako, ukivifungia havina shida na mkaguzi akija vinahesabiwa vyote viko. Nani mjinga atavitoa?

mwl_wa_mpakani

@mvuka_mpaka hapo umegusa penyewe. Hata mimi nilipokabidhiwa ufunguo nilisaini kitabu chenye namba za mashine zote, na hakuna mahali palipoandikwa nitumie, palipoandikwa ni nitunze.

@vitabu_kwanza mwalimu mwenzangu sitabishana na wewe kuhusu P.3. Ningekuwa waziri nisingepeleka tableti kwa darasa la watoto 100 wanaokaa chini, ningekupa vitabu na mwalimu wa pili. Ila huku sekondari hali ni tofauti, chukua Kiswahili. Mtaala wa 2020 umekifanya lazima S.1 na S.2, kabineti ikapitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima mpaka praimari, na walimu wako wapi? Shule ya jirani hawana hata mmoja, anayefundisha alijifunza Kiswahili akiwa dereva wa lori la Mombasa, na kwa kweli anakiongea kunishinda. Mimi napakua taarifa za habari za DW Kiswahili nikiwa mjini, naweka kwa flashi, nawachezea S.2 kwa spika ya bluetuthi, spika ya kwangu mwenyewe inayochajiwa usiku. Watoto ambao nyumbani wanaongea Kijapadhola na Ateso na Lusamia wanasikia Kiswahili cha mtu asiye mimi. Kifaa kimoja, bila lab, na darasa limebadilika, sasa wananirekebisha ngeli. Hiyo ndo dijitali ninayoitaka, ndogo, inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa.

Na mshahara pia tuuseme. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii sekondari analipwa milioni 4, sisi wa lugha tuko chini kabisa huko, mligoma nasi mnakumbuka. Ukinipa kazi ya fundi wa kompyuta juu yake bila hata shilingi, siku moja nitachoka.

binti_mlimani

Hapo kwa fundi wa kudumu mi nina wazo. Kila mwaka kuna vijana wanamaliza diploma za ICT wanakaa nyumbani au wanaendesha boda. Kila subkaunti ipate kijana mmoja, alipwe na wilaya, azungukie shule zake zote na pikipiki, leo huku kesho kule. Lab tano hazihitaji mafundi watano.

fundi_wa_mashine

Kijana huyo nampa kazi kesho. Ila apewe na pesa ya spea. Fundi bila spea anakuja, anapuliza vumbi, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka.

vitabu_kwanza

Sawa mmenipunguza kidogo. Swali la kweli sasa, hiyo Kolibri ya jirani wa Arua ina masomo ya Uganda au ni ya Wazungu tupu? Na inagharimu nini kwa shule kama ya kwetu yenye laptopu moja ya ofisi?

jirani_wa_Arua

Kuna hesabu na sayansi za Khan Academy, kuna vitabu vya hadithi, baadhi kwa Kiswahili na lugha za kwetu. Kizuri ni kwamba unaweza kuongeza vya kwako, unatengeneza chaneli, unaingiza PDF na video, hata zile karatasi za NCDC za wakati wa korona kama bado unazo kwa simu, zinaingia.

fundi_wa_mashine

Hiyo laptopu moja inatosha kuanzia. Iwe na ramu ya jibi 4, unaweka Kolibri, unapakua masomo usiku mmoja mahali penye intaneti nzuri maana video ni nzito, kisha unaiwasha ofisini na simu ya mwalimu yeyote aliyeunganishwa kwenye waifai yake inafungua kwa brauza. Baadaye mkipata pesa nunueni kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kinakula chini ya wati 10, hata betri ya boda inakiendesha. Anza na walimu wa P.6 na P.7 watumie kuandaa masomo, watoto wako wa P.3 wabaki na vitabu kama ulivyosema. Ukikwama niandikie faraghani, ila usinitumie picha ya skrini iliyopigwa gizani kama yule hedmasta wa wiki iliyopita.